Niliomba nguvu za kuacha kamari kwa siri, Mungu akaninyima

Sauti ya Nne (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo nauachia, mtakaonitukana nitukaneni tu.

Mimi ni fundi pikipiki hapa Makambako. Mlutheri wa kuzaliwa, na mwaka huu ni wa tisa naimba sauti ya nne kwenye kwaya ya usharika. Nayasema haya mjue kwamba sikuwa mtu wa kuokotwa barabarani. Nilikuwa kanisani, mstari wa nyuma upande wa kulia, joho limenyooshwa pasi, na simu iko katikati ya kitabu cha nyimbo inanionyesha matokeo ya timu za Uturuki ambazo majina yake hata kuyatamka siwezi.

Nilianza na jero. Kila anayebeti atakwambia alianza na jero.

Mwaka juzi nikachaguliwa mtunza hazina wa kwaya. Tulikuwa tunachangishana sare za Pasaka, watu 34, kila mmoja 18,000. Jumla 612,000, na zote zilikuwa kwenye laini yangu. Ijumaa moja usiku nikachomoa elfu tano, nikaweka mkeka wa timu kumi na mbili. Kumi na moja zikatiki. Ya mwisho ikasawazishiwa dakika za nyongeza. Aliyewahi kubeti anajua: kukosa timu moja kunauma kuliko kukosa zote, na maumivu hayo ndiyo yanayokurudisha. Kesho yake nikachomoa elfu ishirini ili nirudishe ile tano. Mwezi ulipoisha laini ilikuwa na 2,400.

Msidhani sikuwa naomba. Niliomba mpaka magoti yakawa na sugu. Nilifunga siku tatu kavu. Nilikwenda mkesha wa kanisa lingine mji wa mbali, nikapakwa mafuta, wakakemea roho ya kamari, nikaanguka, nikaamka mwepesi kabisa. Wiki tatu sikugusa. Ya nne nikarudi, tena kwa pupa, kama mtu aliyekuwa anadaiwa.

Biblia yangu ina ukurasa mtupu mwishoni. Pale niliandika kwa kalamu ya bluu: "Nimeacha leo, 3/2", na sahihi yangu. Chini yake, "Nimeacha leo, 19/2". Kisha 7/3. Tarehe zilifika saba. Ile ya mwisho sikuitia hata sahihi, nilijionea aibu mwenyewe.

Kuna mzee mmoja usharikani, mwalimu mstaafu, asili yake Kagera. Siku moja alileta pikipiki yake gereji, akaikuta Biblia juu ya kabati la spana. Akaifungua akitafuta pa kupangusia miwani sijui, macho yake yakatua ukurasa ule. Akasoma zote saba, kimya. Nikajua sasa naanza kuhubiriwa. Akaniuliza swali moja tu:

"Nani mwingine ameuona ukurasa huu?"

Nikasema hakuna.

"Hata mama watoto?"

Hata yeye.

Akakaa juu ya tairi kuukuu, akaniambia yeye alikuwa mlevi. Kwao rubisi, alipohamishiwa huku ikawa ulanzi. Amewahi kuingia darasani amelewa mbele ya watoto wa darasa la nne. "Ni miaka 31 sijanywa," akasema, "lakini msimu wa ulanzi nikipita karibu na kilabu mate bado yanajaa mdomoni." Mzee wa kanisa huyo, anayesoma masomo madhabahuni! Sikuwahi kumsikia mtu mwenye heshima zake akisema neno kama lile huku akimwangalia mtu machoni.

Siku hiyo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nakiomba miaka yote. Nilikuwa namwomba Mungu anipe nguvu za kushinda bila mtu yeyote kujua. Nishinde chini kwa chini, nirudishe hela chini kwa chini, na Jumapili nisimame mstari wa nyuma kulia kama kawaida. Nilichokuwa nakilinda ni jina langu. Ombi hilo Mungu alininyima, na leo namshukuru kwa kuninyima, maana angenipa ningebaki mnafiki mwenye hela.

Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, haukuondolewa. Akajibiwa, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Nimeuimba mstari huo kwa sauti nne. Nilidhani maana yake ni kwamba wewe dhaifu utafanywa hodari, yaishe. Sasa nausoma hivi: udhaifu wenyewe ndio mahali pa kazi. Ukiuficha, unakuwa umemfungia fundi nje ya gereji.

Mzee hakuniombea palepale. Aliuliza, "Inakujia saa ngapi?" Nikamwambia saa nne usiku, mama watoto akishalala. Akasema, "Basi saa nne usiku utanipigia. Kila siku. Hata kama huna la kusema."

Nawasilisha. Nitaendelea na habari ya kwaya.

---

Kichwa Ngumu

Mkuu pole. Ila tuwe wakweli, hapo aliyekusaidia ni mzee na simu yake, Yesu umembandika tu. Hata asiye na dini akipata mtu wa kumpigia saa nne usiku ataacha. Na mzizi wa kamari ni hali ngumu ya maisha, siyo shetani.

---

Sauti ya Nne

Hali ngumu inachangia, sikatai. Ila nilibeti zaidi miezi ambayo gereji ilikuwa imejaa kazi.

Kuhusu mzee: miezi mitano alipokea simu kila usiku, mtu wa miaka sabini na ushee, wakati mwingine nasikia kabisa nimemwamsha. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua. Akasema kuna mtu alikuwa akimfungulia mlango usiku enzi zake za ulevi, na huyo naye alikuwa na mtu wake, na ukiifuata hiyo kamba nyuma mpaka mwisho utamkuta nani ameishika. Wewe waweza kusema mwisho wa kamba hakuna mtu. Mimi nimeivuta, nikaona haikatiki.

---

Mama Wawili

Nimesoma nikiwa na hasira, nikasema nitulie kwanza ndipo niandike. Mume wangu "alitubu" hivyohivyo. Akalia mbele ya kanisa, watu wakapiga makofi, mchungaji akamkumbatia. Nyumbani ada haikuwepo, na nikiuliza naambiwa mbona sijasamehe wakati Mungu ameshasamehe. Sasa kaka, mama watoto wako alijua lini? Na hela za watu je?

---

Sauti ya Nne

Dada, swali lako nililitarajia na nililiogopa kuliko ya wote.

Alijua siku ya nne tangu mzee auone ukurasa ule. Mzee alinikatalia kwenda kwaya kabla ya kwenda nyumbani. Nilimwambia jikoni, anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Aliendelea kuchambua mpaka yakaisha, akayaosha, akayabandika, ndipo akauliza, "Ile hela ya bati?" Nikasema na ile. Akaenda kulala kwa mtoto wiki mbili. Sikumwambia neno "samehe" hata mara moja, mzee alinionya: ukimdai msamaha mtu uliyemuibia, unamuibia mara ya pili.

Tangu hapo laini ya hela anakaa nayo yeye. Mteja akilipa kwa simu, hela inaingia kwake. Mafundi wenzangu wananicheka kwamba nimewekewa mfuko na mwanamke. Wacheke.

Kwaya sasa. Jumamosi baada ya mazoezi nikaomba dakika tano. Nilidhani watu watalia, au mtu ataanzisha wimbo. Wapi! Kimya kidogo, halafu mama mmoja wa sauti ya kwanza akauliza, "Kwa hiyo sare?" Ndio hivyo tu. Mwenyekiti akanivua utunza hazina palepale, na alikuwa na haki. Wawili hawakunisalimia mpaka katikati ya mwaka. Pasaka tuliimba na sare za zamani, zile zilizopauka viwikoni, na kila nilipotazama kiwiko cha aliye mbele yangu niliona 18,000 zake. Nilikuwa nalipa elfu hamsini kila mwezi. Mwezi uliopita nimemaliza, ile ya mwisho elfu kumi na mbili.

Zakayo hakuishia kulia. Alisema atarudisha mara nne. Mimi sikuweza hata mara mbili.

---

Mkatoliki wa Kawaida

Nichangie kidogo, maana sisi wa upande huu tuna kitubio na wenzetu mnatushangaa kwa nini tumwambie padri. Mleta uzi ameeleza vizuri kuliko katekista wangu. Dhambi isiyotamkwa kwa mdomo mbele ya mtu mwenye masikio inabaki kama ndoto, huna hakika uliiota au la.

Lakini nilichotaka hasa ni habari ya Mtakatifu Augustino, kwa sababu watu wanaijua nusu. Alizaliwa mwaka 354 Thagaste, ambayo leo ni Aljeria, kwa hiyo ni Mwafrika mwenzetu. Tunasimuliwa kwamba aliishi maisha ya uchafu, mama yake Monika akalia miaka, na mwaka 386 huko Milano akasikia sauti ya mtoto ikimwambia achukue asome, akafungua barua kwa Warumi, akabadilika. Ni kweli. Ila bustanini hakuwa peke yake. Alikuwa na rafiki yake Alipio.

Huyu Alipio ndiye wa uzi huu. Alipokuwa kijana Roma alikuwa anaichukia michezo ya wapiganaji, ile ya watu kuuana uwanjani. Rafiki zake wakamburuta kwenda. Akawaambia: mwili wangu mtaupeleka, lakini macho na moyo hamtavipata. Akaketi amefumba macho. Mpiganaji mmoja akaanguka, uwanja mzima ukapiga kelele, udadisi ukamshinda, akafumbua. Augustino anaandika kwamba palepale Alipio aliinywa ile damu kwa macho na hakugeuka tena, na baadaye yeye ndiye akawa wa kuwavuta wengine. Na sababu anaitoa: alijitegemea mwenyewe.

Sasa nani hapa hamjui Alipio? "Mimi naangalia mechi tu, mkeka siweki."

Kule bustanini, Augustino alipomwonyesha mstari uliomgusa, Alipio aliomba kuona unaofuata: "Yeye aliye dhaifu wa imani, mkaribisheni." Akasema huo ni wangu. Wawili wakaenda pamoja kumwambia Monika.

Nusu ambayo hatusimuliwi: miaka zaidi ya kumi baadaye, akiwa tayari askofu, Augustino aliandika kitabu cha maungamo yake, na sehemu ya kumi anaeleza majaribu yanayomsumbua wakati ule ule anaandika. Ndoto za usiku. Ulaji. Kupenda kusifiwa. Askofu! Angeweza kuishia pale bustanini, kitabu kikapendeza.

Hata sala yetu ya kutubu inamaliza na "naomba neema yako nipate kurudi". Nimeisali tangu komunyo ya kwanza, neno "kurudi" nimelisikia leo.

---

Moto wa Pentekoste

Bwana asifiwe. Nimependa ushuhuda ila nimeumia ulivyougusa mkesha na mafuta kama kitu cha kuchekesha. Mimi nilikuwa mtu wa gongo. Niliombewa Jumatano moja mwaka 2014, kiu ikakatika siku hiyohiyo, haijarudi. Sina mzee, sina simu ya saa nne. Mungu hufungua pia kwa siku moja, msimwekee mipaka.

---

Sauti ya Nne

Ameni mpendwa, na naomba radhi. Sikucheka mafuta. Nilichoeleza ni kwamba mimi nilienda mkesha mji wa mbali ili nisionekane. Kama ningeenda kwa kanisa la jirani na kutaja dhambi yangu kwa jina, labda habari ingekuwa nyingine.

---

Mjukuu wa Karagwe

Mleta uzi, huyo mzee wako nadhani najua shule aliyosoma, na sizungumzii shule ya serikali. Kwetu bibi na babu walikuwa watu wa uamsho. Ule moto ulitokea Gahini, mashariki ya Rwanda, miaka ya 1930, kwenye hospitali ya wamisionari wa Kianglikana. Kabla yake, mwaka 1929, daktari Mwingereza Joe Church alikutana Kampala na Mganda Simeoni Nsibambi. Daktari alikuwa amechoka na kukata tamaa, wakakaa na Biblia pamoja, mzungu na Mwafrika, enzi zile za ukoloni, kila mmoja akimwambia mwenzake anachopungukiwa. Moto ukaenda Uganda, ukavuka kuja kwetu Karagwe na Bukoba, ukawakuta Walutheri.

Bibi alikuwa anasema "kutembea nuruni". Maana yake ilikuwa ya mikono na miguu kabisa. Watu walirudisha majembe waliyoiba. Mtu anatembea kutwa nzima kwenda kumwambia jirani wa zamani, ile mbuzi ni mimi. Kwenye ushirika mtu anasimama, anaitaja dhambi ya wiki hiyo, siyo ya mwaka 47, halafu wanaimba Tukutendereza na kupeana mikono.

Ila niseme na upande wa pili, maana niliishi ndani ya nyumba hiyo. Ilifika mahali watu wakawa wanatafutiana dhambi. Ukija umevaa kiatu kipya, unaulizwa kama una amani nacho. Shangazi yangu aliacha kwenda kwa sababu ya mambo hayo. Nuru ikishikwa na mtu mmoja anayewamulika wenzake usoni, inakuwa tochi ya polisi.

---

Nesi wa Zamu

Hilo la mwisho ni kubwa. Mimi nilimwambia kiongozi mmoja wa kanisa jambo langu la ujana. Wiki mbili baadaye likatoka kwenye mahubiri, "kuna dada mmoja humu ndani..." Kila mtu aligeuka kunitazama. Sikurudi miaka minne. Kwa hiyo vijana mnaosoma hapa, msikimbilie kumwambia yeyote aliyevaa kola.

---

Sauti ya Nne

Pole sana dada. Nilimsomea mzee ulichoandika. Alinyamaza muda mrefu kwenye simu. Halafu akasema mtu wa kumwambia ni yule ambaye ameshakwambia ya kwake kwanza, na ambaye hujawahi kumsikia akisimulia ya mwingine. Kama anakusimulia ya wenzako, na yako yanasafiri.

---

Mgeni wa Usiku

Nimejiunga leo ili niulize tu. Yangu siyo kamari. Ni picha za ngono, tangu nikiwa form two, sasa niko chuo na ni kiongozi wa maombi wa kikundi chetu. Nafuta kila kitu, nalia, wiki narudi. Nikisikia "Mungu hatawaacha mjaribiwe kupita mwezavyo" naona kama mstari unanisuta mimi, maana mbona nashindwa?

---

Soba Miaka Sita

Mdogo wangu, nafanya kazi kwenye nyumba ya soba, wanakokaa watu wanaoacha ulevi, nilipita humo humo kwa unga, yaani dawa za kulevya. Soma mstari wote. Unaendelea kusema atafanya "na mlango wa kutokea". Mlango ni kitu cha kutumia miguu, na uko mwanzo wa njia. Ukisubiri mpaka umeshalala na simu chini ya shuka, taa imezimwa, mlango ulishaupita saa nzima nyuma. Wako pengine ni kuiacha simu sebuleni, au kwa mwenzako wa chumba, kabla hujavua viatu.

Na kitu kingine. Yesu anasimulia juu ya nyumba iliyofagiwa na kupambwa, yule pepo akarudi na wenzake saba. Kosa la nyumba ile halikuwa uchafu, ilikuwa tupu. Kwetu soba mtu akimaliza wiki za kwanza, tunaogopa zaidi jioni zake kuliko usiku wake. Tunamtafutia ndoo, jembe, mpira, kitu chochote.

Kichwa Ngumu hapo juu, nakujibu nawe: umoja wa walevi wanaosaidiana, uliosambaa dunia nzima, ulianza 1935 Akron, Ohio, kwa walevi wawili, mmoja dalali wa hisa na mwingine daktari wa upasuaji. Walitokea kwenye vuguvugu la Kikristo la Oxford Group. Hatua ya kwanza ni kukiri kwamba huna nguvu. Kwa hiyo hata huo mtindo unaosema hauhitaji dini, mbegu yake ilitoka shamba hilo.

---

Kichwa Ngumu

Hiyo sikuijua. Sijaokoka, ila nimeelewa.

---

Sauti ya Nne

Mgeni wa Usiku, nimekuandikia kwenye faragha. Namba ya mzee siwezi kukupa bila kumuuliza, lakini nimemuuliza jana na amesema ndiyo. Uongozi wa maombi omba upumzike kidogo, na usijieleze sana. Paulo mwenyewe anasema, "lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo", na barua yake haikuchanwa.

Na kwa wote, nitoe mrejesho ambao sikutaka kuutoa. Mwezi wa kumi na moja nilianguka. Mteja alinilipa taslimu, mama watoto alikuwa msibani Njombe. Buku tano, kwenye kibanda cha kubeti stendi, saa kumi jioni, saa ambayo sikuwa nimewahi kuiwekea ulinzi. Nililiwa zote. Usiku ilipofika saa nne nilikaa na simu mkononi kama robo saa, nikifikiria kumpigia na kuongea habari za mvua. Nikapiga, nikasema. Mzee akakaa kimya, nikasikia redio yake kwa mbali. Akasema, "Umekula?" Nikasema bado. Akasema, "Kula kwanza, halafu nipigie tena."

Nilikula ugali wa baridi nimesimama. Nikampigia. Tukasoma Zaburi ya 51 kwa zamu, mstari yeye, mstari mimi, na mama watoto aliporudi nilimwambia kabla hajashusha begi.

Kwenye ukurasa ule wa Biblia sijaandika tarehe ya nane. Mzee aliweka namba yake ya simu pale chini, kwa penseli.

Ni saa nne kasoro dakika tano, nitarudi kesho kuwajibu waliobaki.